Kapu la Nyigu Shambani kwa Mama Mkwe

Kuna aibu ambazo ukiwaachia watu wakusimulie wataziongezea chumvi mpaka wewe mwenyewe usijitambue, kwa hiyo hii yangu nimeamua kuisema kwa mdomo wangu, maana hapa Mazingara kila mwenye umri wa kutosha anaijua, na vijana wasioijua wamesikia nusu tu, ile nusu ya kaptula iliyochanika, na hiyo wala siyo sehemu mbaya. Naomba mcheke polepole. Nilikuwa kijana, nilikuwa mjinga, na (hili ndilo lililoniponza kuliko yote) nilikuwa hodari wa kazi.

Enzi zile Mdachi bado ndiye mwenye nchi. Nilikuwa nimetoka Korogwe, kwenye shamba la mkonge la bwana mmoja wa Kidachi, nimemaliza kipande changu, yaani kile kikaratasi cha siku thelathini ambazo unadhani utazimaliza kwa mwezi mmoja, kumbe siku ukiugua haihesabiwi, siku nyapara akikununia haihesabiwi, mwisho unatoka pale ndevu zimeota. Yule bwana alikuwa na ugonjwa wa usafi. Alitaka ardhi katikati ya mistari iwe nyekundu tupu, asione jani, na nyapara akikuta kijani chochote kisicho mkonge anasimama na kiboko chake anauliza, "Hili la nani?" na hakuna aliyekuwa na haraka ya kulidai. Nilimchukia bwana, nilimchukia nyapara, niliuchukia mkonge wenyewe, lakini ule usafi, sijui ulipitia wapi, ukaniingia. Nikatembea siku tatu kurudi kwetu nikiwa na kaptula ya kaki na imani kwamba mwanamume hupimwa kwa shamba lisilo na jani.

Sasa nilikuwa na mchumba, Mboni, binti wa Mzee Kibwana. Huyo Mboni msimwone hivi sasa anatembea na mkongojo, wakati ule akipita na mtungi kichwani mimi nilikuwa nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Posa ilikuwa imeshapokelewa, lakini kwetu Wazigua wa huku posa peke yake si ndoa. Anayetaka binti wa watu humpalilia mama wa binti shamba lake msimu mzima, na mtama ukianza kutoa masuke wazee wa upande wa binti huja kulitazama. Wakiridhika, siku ya harusi inatajwa palepale. Wasiporidhika wanakushukuru kwa adabu, wanakuulizia hali ya mama yako, na wewe unaelewa.

Na kuna jambo jingine lazima niliseme, kwa sababu bila hilo mtanihukumu vibaya zaidi ya ninavyostahili. Mkwe na mama mkwe, siku zile, hawakuangaliana usoni wala kusemeshana. Mkikutana njiani wewe mwanamume unaingia porini, unampa mgongo mpaka apite, naye anajifunika kanga. Akiwa na neno lako analipitisha kwa binti yake, na binti asipokuwepo analisema kwa kitu chochote kilicho karibu. Mama mkwe wangu aliwahi kumwambia kuku, mimi nikiwa hatua tano tu nyuma ya ua, "Wewe kuku, mwambie mgeni maji yako mtungini," nami nikamshukuru kuku. Ndivyo tulivyoheshimiana, na ilikuwa heshima nzuri, ila haikutengenezwa kwa ajili ya watu wenye maswali.

Siku ya kwanza ya palizi nikaingia lile shamba la mama mkwe, nikashangaa. Mtama ulikuwa mzuri, unafika kiunoni, lakini kuzunguka shamba lote, upana wa hatua tatu hivi, magugu yameachwa yamesimama mpaka yametoa maua: mashona nguo, mgagani, mchicha pori na mengine ambayo hata jina sina. Halafu katikati ya mtama umepita mstari mwingine wa magugu hayohayo kutoka huku mpaka kule, mrefu, kama vile mtu alilima akachoka akaenda zake. Nikasema maskini mama wa watu, hana wa kumsaidia. (Na huku namwona, upande wa pili wa shamba, amenipa mgongo, anang'oa kiduha shina moja baada ya jingine kwa mkono, kile kigugu cha maua ya zambarau kinachoufyonza mtama mizizini. Mtu anayeweza kukitofautisha kiduha kikiwa bado kidogo kama kidole, huyo si mtu wa kusahau magugu hatua tatu kuzunguka shamba zima. Lakini mimi nilikuwa nimetoka Korogwe, nilikuwa nimeelimika.)

Jua lilipopanda Mboni akaniletea togwa, na maneno. Akasema, "Mama anasema ya ukingoni usiyaguse, wala ule mstari wa katikati. Yaache."

Nikamjibu, "Mwambie mama nimesikia."

Na nilikuwa nimesikia kweli, tatizo ni nilichokielewa. Ukweni ukilima lazima uambiwe "pumzika baba, inatosha", hiyo ni adabu yao, na mkwe mwenye adabu zake hajibu kwa kupumzika, anajibu kwa kuongeza kasi. Mkwe aliyeambiwa pumzika akapumzika kweli alikuwa anasimuliwa mpaka Handeni. Kwa hiyo mimi niliposikia "yaache", nikahesabu ni ileile, mama ananionea huruma, anaona kazi ni kubwa kwa mtu mmoja. Moyo ukanijaa. Nikajiambia, nitamwonyesha huyu mama amepata mkwe wa namna gani.

Kesho yake Mboni akaleta neno lilelile, akalikazia. "Mama anasema tena. Yale magugu yana kazi, yaache."

"Mwambie mama asinionee huruma, mikono ninayo."

"Si huruma, Mhando."

"Najua," nikasema, huku najua kabisa kwamba ni huruma. Mboni akanitazama kidogo, akachukua kibuyu chake cha togwa kabla sijamaliza, akaondoka. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini nilidhani ameona haya kwa vile namtazama sana.

Basi asubuhi ya tatu nikaamka kabla ya jogoo, nikaenda na jembe nililolinoa mpaka likang'aa, na mpaka jua linafika utosini sikubakiza hata ua moja. Ukingo wote nikaufyeka, mstari wa katikati nikaung'oa na mizizi, nikakusanya marundo, nikayachoma moto, kisha (hapa ndipo huwa natamani ardhi inimeze hata kwenye kusimulia) nikakata fagio la matawi nikafagia. Shamba, jamani. Nikafagia shamba kama uwanja wa boma. Nilikumbuka baadaye kwamba wakati nafagia kulikuwa na vidudu vingi vinarukaruka mbele ya fagio, vyekundu vya mgongo wa duara wenye madoa meusi, na vinzi vyembamba vya mistari ya njano vile vinavyosimama hewani bila kwenda popote, na nikavipisha kwa ukarimu, nikisema nendeni, nendeni, hapa pamekuwa pasafi.

Togwa siku hiyo haikuja. Mzee Kibwana ndiye aliyepita, akasimama mbele ya majivu muda mrefu. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba. Umelima." Nikaipokea kama sifa, nikarudi nyumbani nimetanua kifua, nikawaalika na vijana wenzangu waje kuona namna watu wa Korogwe wanavyopalilia. Ilinichukua siku nyingi kujua kwamba kuna watu husema "umelima" kwa sauti ileile wanayosemea "umeungua".

Mvua zikakatika mapema kidogo mwaka ule, joto likapanda, na vidukari vikaingia. Mwanzoni nilipoona upande wa chini wa jani moja umejaa vijidudu vya manjano, laini, vimebanana, nikalikata jani nikalitupa. Kesho yake majani kumi, keshokutwa nikaacha kuhesabu. Majani ya juu yakaanza kunata kama yamepakwa asali, juu ya ule unato ukaota ukungu mweusi kama masizi ya chungu, sisimizi wakapanga foleni kwenye kila bua, na mtama uliokuwa unanifika kifuani ukaanza kuinamisha shingo kabla ya kutoa suke. Nikamwaga majivu, wapi. Nikapukuta kwa mkono, nikaenda kuoga, nikarudi nikavikuta vimezaana. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba shamba la jirani, la mama mmoja mjane, chafu, magugu mpaka mlangoni, mtama wake ulikuwa umesimama wima umetulia kama hauoni kinachoendelea kwangu.

Nikamfuata Mboni kisimani. Alikuwa hajanisemesha tangu siku ya fagio. Nikamwambia shamba linaumwa. Akaweka mtungi chini, akanishika mkono (hakuwahi kunishika mkono kabla ya hapo, na namna alivyonishika haikuwa ile niliyokuwa naingoja), akanipeleka mpaka ukingoni mwa shamba la yule mjane, akasema, "Chuchumaa. Tazama."

Nikachuchumaa. Kwenye shina la gugu moja kulikuwa na vidukari, lakini vyeusi, siyo vile vya mtama. Na katikati yao kinatembea kidude cha kijivu chenye miguu sita, kibaya cha sura, kinavila kimoja kimoja kama mtu anayekula karanga.

Mboni akasema, "Huyo ndiye mtoto wa kale kadudu kekundu ka madoa. Vidukari hivi vyeusi mtama havitaki, vinakaa kwenye magugu tu. Sasa huyu anakula hapa, anakua hapa, anazaa hapa. Siku vidukari vya mtama vikija, anavikuta jirani. Umeona hapo kwenye ua?" Nikaona kinyigu kidogo, hata kichwa cha sindano ni kikubwa kuliko chenyewe, kinanyonya utamu kwenye ua la mashona nguo. "Hako kanataga yai ndani ya kidukari, na kidukari kinakauka kinakuwa ganda. Lakini bila maua kanaipeleka wapi njaa yake? Na vile vinzi vya njano, vivyo hivyo, mkubwa anataka ua, mtoto wake anakula vidukari. Mama amelima pale tangu mimi sijazaliwa. Wale ndio walinzi wake. Wewe umewachomea nyumba, halafu ukafagia."

Nikauliza kitu kimoja tu, kwa nini hakuniambia hivyo tangu siku ya kwanza.

"Nilikwambia mara mbili. Ulisikia nini?"

Nawaambieni ukweli, kiboko cha nyapara hakijawahi kuniuma kama swali lile. Halafu akaniambia na jingine, kwamba baba yake ameshapeleka habari, wazee watakuja kutazama shamba Alhamisi, jua likishapanda. Ilikuwa Jumanne. Akabeba mtungi wake akaenda, na mimi nikabaki nimechuchumaa kwenye shamba la mjane naiona harusi yangu inainamisha shingo pamoja na ule mtama.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Mzee Kibwana akasema baba nimekosa. Mimi nikafikiri, kama nimewafukuza, si naweza kuwarudisha? Nikishawarudisha Alhamisi asubuhi, wazee wakija watakuta walinzi wako kazini. Jumatano yote nikatafuta namna ya kufanya hivyo, nikapata kibuyu chenye mdomo mpana, na Alhamisi kukipambazuka nikawa kwenye mahame karibu na kijito, pale palipoota magugu marefu, nawakamata vile vidudu vyekundu kwa vidole. Jamani, msidharau kitu kidogo. Unakishika kinajifanya kimekufa, ukikitia kibuyuni kinafufuka kinapanda mpaka mdomoni, unakirudisha hiki na kingine kinatoka, na vile vinzi vya njano ndiyo usiseme, nilivikimbiza mpaka nikajiona mwendawazimu. Jua likaanza kupanda na kibuyu changu bado hakina watu.

Na hapo ndipo nikaona, chini ya paa la kibanda kibovu kilichoachwa, kiota cha nyigu. Siyo vile vidogo vya Mboni. Hawa ni wale wekundu, wenye kiuno, ambao mtu mzima akiwaona anabadili njia. Nikasimama nikafikiri (na fikira yangu ilikuwa hivi, sijaongeza wala kupunguza): kama kinyigu kidogo kama sindano kinaokoa shamba, hawa wakubwa je? Baridi ya alfajiri ilikuwa bado imewalegeza chini ya kile kivuli. Nikakikata kiota taratibu kikaingia kwenye kapu, nikafunika na kitambaa, nikafunga na ugwe, kapu kichwani, kibuyu kwapani, nikashika njia nimeridhika na nafsi yangu.

Njia ya kwenda shamba la mama mkwe mwisho wake inakuwa nyembamba, mkono wa kushoto kichaka cha miiba, mkono wa kulia mtama. Jua likawa linapiga juu ya kapu. Nikaanza kusikia sauti kama ya watu wanaosoma madua mbali, nikasema labda wazee wameshafika. Walikuwa wameshafika kweli, watatu pamoja na Mzee Kibwana, wamesimama karibu na dungu la kuamia ndege, lakini sauti haikuwa yao.

Kona ya mwisho, uso kwa uso, mama mkwe, amebeba togwa ya wazee.

Sasa mwili wa mtu aliyelelewa vizuri haungoji kuambiwa. Kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimesharuka kichakani kumpa mgongo, kama inavyotakiwa, kwa heshima zote, na mguu wangu ukaingia kwenye shimo la muhanga. Kaptula yangu ya Korogwe ikakamatwa na mwiba ikapasuka kutoka hapa mpaka hapa. Kapu likaruka. Lilitua katikati ya njia, baina yangu na mama wa watu, ugwe ukakatika, kitambaa kikafunuka, na walinzi wangu wapya wakatoka kuanza kazi.

Wa kwanza alinichoma kwenye kope. Nikakimbilia mtamani, na mama mkwe naye, hana pa kwenda, akatupa togwa akakimbilia mtamani, tukawa mstari mmoja, mimi mbele na nyuma yangu iko wazi, yeye nyuma amejifunika kanga ili asione kilicho mbele yake, kisha kwa kuwa haoni akaniparamia, kisha akanipita (mama yule alikuwa na mbio, mimi nasema ukweli), na nyigu juu yetu wote wawili bila kuchagua mkwe wala mama mkwe. Wazee kule dunguni walituona tunakuja, wakaona na tunachokuja nacho. Mzee mmoja ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akitembea bila kusaidiwa aliruka ua wa miiba. Nikaona kibanda kidogo cha nyasi karibu na dungu, kinafuka moshi, nikaingia, nikavuta mlango wa makuti, nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameshafika kabla yangu. Kanga yake ilibaki kwenye mtama.

Tukatazamana. Mwaka mzima nilikuwa nimemjua kwa mgongo na sauti yake, na sasa naona ana macho ya Mboni, na shavu moja linaanza kuvimba, na mimi jicho moja limeshafunga na mkono mmoja uko nyuma umeshika kaptula. Nikataka kutoka nikafe nje. Nikashika mlango.

Mama mkwe akasema, kwa mdomo wake mwenyewe, kwangu mimi, "Kaa chini. Wanamfuata anayekimbia."

Nikakaa. Moshi ukatuzunguka, tukakohoa pamoja. Hakukuwa na kuku wa kumwambia. Baada ya muda akaniuliza, akitazama moto, "Na kwapani una nini?"

Nilikuwa nimekisahau kibuyu, kumbe nimekibana wakati wote. Nikakiinamisha tu. Vikatoka vile vidudu vyekundu vichache, vimechoka, vikatembea kwenye kiganja chake. Akavitazama. Akanitazama mimi, lile jicho lililofunga na lile lililobaki wazi, nami machozi yakanitoka, msiniulize kama ni moshi, moshi ulikuwepo lakini si moshi. Nikasema, "Mama, nisamehe. Niliambiwa nikaona ni adabu tu." Na yeye akavirudisha vile vidudu kibuyuni kimoja kimoja, polepole, akakiziba mdomo kwa jani.

Nje, nyigu walipotulia, nikamsikia Mzee Kibwana anawaambia wenzake, wala hakupunguza sauti, "Mimi nimemaliza. Asiyelisikia neno la mke wangu, la binti yangu atalisikia wapi? Arudishiwe posa yake."

Mama mkwe akainuka, akasukuma mlango, akatoka bila kanga mbele ya wazee wote, amevimba hivyohivyo. Akasema, "Asiyesikia habebi nyigu kichwani. Huyu kasikia, ila kachelewa. Mwacheni alime tena."

Yule mzee aliyeruka ua alikuwa bado anatafuta namna ya kurudi upande wetu. Mwishowe Mzee Kibwana akashusha pumzi, akasema harusi hakuna mwaka huu, nitaleta mbuzi wa kuomba radhi kwa kumtazama mama mkwe usoni, na msimu ujao nitalima shamba lilelile upya, na shamba ndilo litakalosema.

Mtama ule ulitoa chini ya nusu. Nyumba ya watu ingelala njaa kwa ajili ya fagio langu, kwa hiyo nikapanda milimani mpaka Bungu, nikawalimia Washambaa kwa malipo ya mahindi, nikayabeba kichwani safari nne, kila nikifika nayaweka nje ya ua na kurudi kinyumenyume, na kila mara nasikia mtu ndani anamwambia kuku kwamba mahindi yameonekana. Watoto wa njiani walikuwa wameshanitungia jina, Bwana Nyigu, wananiimbia nikipita na mzigo. Nilistahili.

Msimu uliofuata nikarudi shambani. Magugu ya ukingoni yalikuwa yameanza kurudi yenyewe, Mwenyezi Mungu hana kinyongo. Mboni akatumwa akae nami, kwa sababu baba yake alisema sitaachwa peke yangu na jembe, na mimi nilikuwa nimepata hofu ya ajabu, sing'oi kitu bila kuuliza. Hili? Mgagani, uache. Na hili? Mashona nguo, yaache. Hili hapa? Hilo ng'oa. Una hakika? Nina hakika. Umemuuliza mama? Nikauliza hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka siku moja amekaa kwenye tuta, jua kali, mimi nimeinama nimeshika kigugu cha maua ya zambarau, nikamuuliza na hicho.

"Mhando," akasema, "hicho ni kiduha, hata mtoto anakijua. Utaniuliza mpaka lini?"

"Mpaka siku ya harusi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya fagio. "Basi ukiacha kuuliza siku hiyo, mimi narudi kwa mama kesho yake."

Tukaoana mtama ulipokatwa. Sijaacha kuuliza.